Cleophas Malala na Jukwaa la Butere

Cleophas Malala ni mwandishi na mwelekezi wa michezo ya kuigiza aliyejulikana zaidi kwa michezo miwili ya Shule ya Upili ya Wasichana ya Butere, Kaunti ya Kakamega, shule aliyosomea mwandishi Grace Ogot.

Wa kwanza, Shackles of Doom, ulitoka mwaka 2013. Unahusu jamii maskini ambayo mafuta yanagunduliwa kwenye ardhi yake, kisha wageni wananyakua kazi na faida. Mafuta ya Turkana yalikuwa yamegunduliwa Machi 2012, na jamii ya mchezoni inaitwa Kana. Mtazamaji hakuhitaji kutafsiriwa. Mchezo ulipigwa marufuku kwa madai ya kuchochea ukabila. Mwanaharakati Okiya Omtatah akaenda Mahakama Kuu, naye Jaji David Majanja akaiondoa marufuku hiyo kwa kuzingatia uhuru wa kujieleza, unaolindwa na Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010. Wasichana wakaigiza.

Malala akaingia siasani: mwakilishi wadi, Seneta wa Kakamega kuanzia 2017 hadi 2022, kisha katibu mkuu wa chama tawala cha UDA hadi 2024. Mchezo wa pili, Echoes of War, ulikuja 2025 alipokuwa ameshatofautiana na serikali. Umewekwa katika ufalme wa kubuni unaojijenga baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, ambako vijana wenye simu na mitandao wanawahoji wakubwa. Ulikuja chini ya mwaka mmoja baada ya maandamano ya vijana ya Juni 2024, kwa hiyo ufalme huo haukuonekana wa mbali.

Mchezo ulienguliwa, na kwa mara nyingine Mahakama Kuu ikaamuru uigizwe kwenye tamasha za kitaifa za drama na filamu, Nakuru. Jioni ya Aprili 9 Malala alikamatwa akienda kuwaona waigizaji wake. Kesho yake asubuhi wasichana waliingia ukumbini wakakuta hakuna watazamaji, hakuna mapambo ya jukwaa, wala mwelekezi. Waliimba wimbo wa taifa, wakatoka. Nje, polisi walirusha vitoa machozi kuwatawanya watu waliofika kutazama. Malala aliachiliwa siku hiyo hiyo.

Waziri wa Elimu, Julius Ogamba, alihoji mtu asiye mwalimu anafanya nini na wanafunzi. Hoja hiyo ni dhaifu kuliko inavyosikika, kwani shule nyingi za Kenya huajiri waandishi na waelekezi wa nje kwa ajili ya tamasha hizi. Historia inaelekeza kwingine: mwaka 1977 mchezo wa Ngaahika Ndeenda, wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ulizimwa na serikali katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ baada ya wiki chache tu, na Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini bila kesi. Kilichobadilika ni kwamba mwelekezi wa Butere alikuwa na mahakama ya kukimbilia, ingawa amri ya mahakama hiyo haikutosha kuujaza ukumbi wa Nakuru.