Mtoto Mchanga na Beseni la Dagaa: Panga Biashara Kabla ya Kujifungua

Leo naweka mbolea na mbegu pembeni. Kuna swali naulizwa sana na wadada wa huku mwambaoni, na nimeona nilijibu hapa ili wote mlisome: "Bibi shamba, nina mimba, biashara yangu nifanyeje?" Wachache wanauliza mimba ikiwa na miezi mitatu au minne. Hao nawapenda, maana muda bado upo. Wengi wanakuja mtoto akiwa tayari mgongoni na mtaji umeshaliwa nusu.

Na nyie vijana wa kiume msiruke ukurasa. Mtaji unaoliwa ni wa nyumba yenu wote.

Mimi ni mtumishi wa umma. Nilipojifungua nilipata likizo ya siku 84 na mshahara uliingia kama kawaida. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku hizo 84, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini anapewa hadi masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha. Sasa wewe uliyejiajiri kwa dagaa, karanga au bustani, utamdai nani? Mwajiri ni wewe mwenyewe, kwa hiyo likizo lazima uilipie wewe, na uanze kuilipia kabla tumbo halijawa kubwa.

Kazi inayosubiri na isiyosubiri

Kwa wasiopajua, Ikola ni kata ya mwambao wa Ziwa Tanganyika, wilaya ya Tanganyika, mkoa wa Katavi, jirani na Karema. Wanawake wengi hapa wanaishi kwa kununua dagaa mwaloni alfajiri, kuanika, kufungasha na kupeleka Mpanda. Ni biashara nzuri lakini haina huruma. Dagaa wakishatoka majini hawasubiri unyonyeshe. Ukichelewa kuwaanika jua likapita, au mvua ikakuwahi, bei inashuka hapo hapo.

Ndiyo maana namwambia kila mjamzito achukue karatasi aigawe mara mbili. Upande mmoja andika kazi zinazosubiri, upande wa pili zisizosubiri. Usiandike "biashara ya dagaa" kwa jumla. Ivunje vipande vipande.

Mwaka fulani nilimkuta binti mmoja hapa Ikola, mtoto wake ana wiki tatu, amembeba mgongoni huku ameinama kwenye chanja anageuza dagaa. Saa mbili asubuhi jua limeshachoma. Akanisalimia shikamoo, nikamuitikia, nikamuuliza mbona mapema hivyo. Akasema, "Bibi shamba, nikikaa ndani siku arobaini, wateja wa Mpanda watapata mtu mwingine." Alikuwa na haki ya kuogopa. Mteja wa jumla akipata mzigo kwingine mara mbili tatu, kurudi ni shida.

Tukakaa kwenye kivuli tukahesabu kazi zake: kununua, kubeba, kuanika, kugeuza, kuanua, kuchambua mchanga na takataka, kufungasha, kutafuta gari, kuongea na wateja, kudai hela. Kazi kumi. Nikamuuliza, ngapi kati ya hizi zinataka mikono yako wewe na si ya mtu mwingine? Akafikiri sana. Zikabaki tatu: kukubali bei, kukagua ubora kabla gunia halijashonwa, na kuongea na wateja. Bei na wateja ni simu. Kukagua unaweza ukiwa umekaa mlangoni kwako na mtoto anapata ziwa.

Zile saba alizipeleka kwa jirani yake ambaye naye anakausha. Walikubaliana hivi: jirani ananunua na kuanika mzigo wa wote wawili, faida ya mzigo wa binti wanagawana nusu kwa nusu, na zamu ya jirani ikifika ya kujifungua, deni linalipwa kwa namna hiyo hiyo. Waliandika kwenye daftari na kila mmoja akaweka sahihi. Faida yake ilipungua kweli, lakini wateja wa Mpanda waliendelea kupiga namba ile ile.

Daftari nasisitiza. Wengi wetu biashara iko kichwani: nani anadaiwa, nani analipa vizuri, dereva gani anaaminika. Ukiwa na uchungu wa kujifungua, hayo mahesabu hakuna atakayeyasoma kichwani mwako. Miezi miwili kabla, mchukue atakayekushikia kazi, afanye yeye ukiwa unamwangalia. Mlipe kwa beseni au kwa gunia, usimlipe kwa siku, maana kwa siku utagombana naye ukiwa huna nguvu za kugombana.

Kalenda ya mwezi na kadi ya kliniki

Hapa ndipo watu wa dagaa mna bahati ambayo hamuioni. Dagaa wetu wanavuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa haziwavuti vizuri, kwa hiyo mbalamwezi ni siku za kupumzika na giza ni siku za kazi. Mzunguko mzima ni kama siku 29 na nusu.

Chukua sasa kadi ya kliniki. Mama anatakiwa kuonwa ndani ya masaa 48 baada ya kujifungua, siku ya 7, siku ya 28 na siku ya 42. Mtoto ana chanjo wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Wiki ya 6 ndiyo hiyo siku ya 42, kwa hiyo safari ni moja. Mtoto akizaliwa katikati ya giza, siku ya 28 itaangukia giza tena, mwaloni pamechangamka na wewe unatakiwa kliniki. Siku ya 42 itakuwa karibu na mbalamwezi, hapo huna kisingizio. Weka alama kwenye kalenda mapema, na zile siku za giza zinazogongana na kliniki mpange msaidizi kabisa. Kliniki isirukwe kwa sababu ya beseni. Nimeona mtoto akipungua uzito wiki mbili mfululizo nyumba nzima ikiwa mwaloni, na hela iliyopatikana kwa wiki hizo mbili iliishia kwenye nauli na matibabu Mpanda.

Mambo ya kunyonyesha nayatoa kwa muuguzi, mimi ni mtu wa mimea na mifugo. Miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama tu, hata maji hapana. Najua huku uji unaanza mapema kwa sababu mama anataka kutoka. Badala ya uji, kamua maziwa kwa mikono iliyonawa sabuni, weka kwenye kikombe safi chenye mfuniko, kivulini, na yasizidi masaa manne, maana joto la Ikola mnalijua. Mtoto anyweshwe kwa kikombe. Au bora zaidi, bibi yake amlete mwaloni saa nne anyonye, arudi naye nyumbani.

Kitu kingine ni moshi. Wale mnaokausha migebuka kwa moshi, mtoto mchanga asikae karibu na tanuri, wala mgongoni wala kwenye beseni pembeni. Mapafu yake bado. Kama hakuna wa kumshika, miezi hiyo fanya ya kuanika juani tu, au acha migebuka kwa wengine.

Shamba nalo lina masharti

Wengi wenu mna shamba pamoja na dagaa, kwa hiyo rudini kwenye ile karatasi. Muhogo unasubiri, ukikomaa unaweza kukaa ardhini miezi kadhaa ukachimba kidogo kidogo. Mawese yakishakamuliwa yanasubiri kwenye madumu. Mahindi yaliyokauka vizuri yakawekwa kwenye mifuko ya kinga njaa yanasubiri bei. Karanga hazisubiri: siku 90 hadi 120 kutegemea mbegu, ukichelewa kuzing'oa zinaota humo humo ardhini au zinaingia sumukuvu. Kwa hiyo hesabu kutoka tarehe uliyopewa kliniki kurudi nyuma, kabla hujapanda. Kama mavuno ya karanga yanaangukia wiki ya kujifungua, punguza eneo au panda kitu kingine.

Nyanya sishauri kabisa kwa mwaka huo. Inataka mtu kila siku, na inataka dawa. Mjamzito na anayenyonyesha asipulizie viuatilifu, asichanganye, na asifue nguo za aliyepulizia. Dawa zisilale chumba kimoja na mtoto, hata kama ziko juu ya kabati.

Kuku wa kienyeji wanasubirika kidogo, wanahitaji mtu asubuhi na jioni. Chanjo ya mdondo inarudiwa kila miezi mitatu. Ichanje wiki moja au mbili kabla ya kujifungua, na zamu inayofuata itakukuta umeshapata nguvu.

Hela ya siku 84

Hapa naomba utulie, ndipo biashara nyingi zinapofia. Mama anajifungua, hela ya nyumbani haipo, anachomoa kwenye mtaji. Mwezi wa tatu anataka kurudi kazini, mtaji hakuna, anakopa kwa riba.

Tuseme kwa mfano matumizi ya nyumbani ni shilingi 120,000 kwa mwezi, msaidizi 60,000, na 20,000 ya nauli na dharura. Ni 200,000 kwa mwezi, 600,000 kwa miezi mitatu. Ukianza kuweka mimba ikiwa na miezi mitatu una miezi sita mbele, ni 100,000 kila mwezi. Ukianza mwezi wa saba ni 300,000 kwa mwezi, na hiyo hutaiweza. Weka namba zako wewe, hesabu ni ile ile. Mtaji wenyewe usiuhesabu humo.

Wale wa VICOBA, angalieni kikundi chenu kinagawana lini. Kama mgao ni Desemba na wewe unajifungua Septemba, hisa zako hazitakusaidia kwa wakati. Ulizeni mapema kuhusu mfuko wa jamii. Na mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ambamo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, hauna riba, ni mzuri, lakini marejesho ni ya kikundi. Usiingie mkopo ambao marejesho yake yanaanza wiki unayojifungua, wenzako watakubebea na mtaachana vibaya.

Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi mitatu. Nilitania siku ile kwamba samaki wamepewa likizo ya uzazi kabla ya wanaowakausha. Lakini kipindi kile kilinionyesha kitu: kaya zilizokuwa na muhogo shambani, mawese ndani au magunia ya dagaa waliokwisha kukaushwa ziliuza taratibu na kubaki na mtaji. Wale wa mwaloni tu walihangaika. Mama anayejifungua anafungiwa ziwa peke yake, na tofauti ni kwamba tarehe yake anaijua miezi mingi mbele.

Kina baba, kuamka saa kumi na moja kwenda kununua mwaloni mnaweza. Kugeuza dagaa mnaweza. Wapo wanaosema ni kazi ya kike, na hao hao wanakula hela yake bila shida.

Ukiwa na mimba sasa hivi na uko kata hii, njoo ofisini na kadi ya kliniki na daftari la biashara, tutakaa na kalenda tuhesabu pamoja. Kama umeshajifungua, njoo na mtoto. Mkeka upo.