Kunguni kwenye Godoro: Usimnyunyizie Mtoto Sumu

Juzi mama alituletea mtoto anayetapika na kutokwa na mate mengi. Alikuwa amenyunyizia godoro dawa ya mboga ili aue kunguni. Tulimpeleka hospitali haraka, akapona.

Dawa ya shambani haifai kitandani. Mtoto huivuta usiku kucha na kuigusa kwa ngozi. Mafuta ya taa nayo hushika moto.

Fanya hivi. Loweka shuka na neti kando kando: shuka kwa maji moto sana, neti kwa maji baridi na sabuni, kisha ianike kivulini. Toa godoro nje, kagua mishono, sugua kwa brashi kavu. Usililoweshe, maana sponji hukawia kukauka na huota ukungu. Mwagia nyufa za kitanda maji yanayochemka, watoto wakiwa mbali.

Jua pekee halitoshi. Mayai huanguliwa baada ya wiki moja hivi, kwa hivyo rudia kila wiki hadi usimwone hata mmoja.

Kunguni si aibu, mama. Uliza mhudumu wa afya.