Mpira Mdogo Ulioniaibisha Njia Panda

Wahenga hawakumiliki magari, lakini waliponena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, ungedhani waliwahi kupita Barabara ya Baba Dogo usiku, wakanikuta nimekwama njia panda, kigari changu kikinguruma kwa hasira ilhali hakisongi hata shubiri.

Kisa chenyewe ni hiki. Yapata saa tatu usiku, jirani yangu alibisha mlango akiwa amembeba mwanawe aliyezidiwa na pumu. Nilitwaa ufunguo bila kuuliza swali. Tulipokata kona kuingia Outer Ring, nilisikia mlio kama wa mfupa uvunjikao, na safari ikakomea hapo.

"Mzee, kwani gari limekataa?" mama yule aliniuliza.

Vijana waliokuwa wakitoka zamu viwandani walitusukuma kando, na matatu moja ikawachukua mama na mtoto. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Hata hivyo, swali lile halijanitoka moyoni, kwa maana jibu lake nilikuwa nalo.

Miezi mitatu kabla ya usiku huo, fundi mmoja wa jua kali alikuwa amelala chini ya gari hilo, akaniambia, "Mzee, huu mpira umepasuka. Tuubadilishe leo, la sivyo kesho utanunua shafti nzima." Mimi nikamdhania tamaa. Baadaye, kila nilipokata kona, gurudumu la kushoto lililia ta-ta-ta-ta. Nami nilifanya nini? Niliongeza sauti ya redio.

Ndugu msomaji, wengi wetu huendesha tusichokijua. Magari ya baba zetu, mathalani Peugeot 504, yalisukumwa na magurudumu ya nyuma. Vigari vilivyojaa mitaani mwetu leo, kama vile Starlet, March na Vitz, aghalabu huvutwa na magurudumu ya mbele, yale yale yanayokata kona. Kila upande pana shafti, yaani chuma kirefu kinachopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi gurudumuni, na mwisho wake mna kiungo mfano wa bega, chenye gololi za chuma. Kiungo hicho kilibuniwa na mhandisi Alfred Rzeppa katika miaka ya 1920, nacho kikapata umaarufu baada ya kigari cha Mini kutokea Uingereza mwaka wa 1959.

Uhai wa kiungo hiki ni grisi, na mlinzi wa grisi ni kifuko cha mpira chenye mikunjo. Kifuko kikipasuka, grisi hurushwa nje, na vumbi letu pamoja na maji ya mashimo huingia mahali pake. Gololi husagika, zikaanza kulia, hatimaye kiungo huachana. Tena shafti ya upande mmoja ikikatika, ile nzima nayo haivuti, kwa kuwa iliyokatika huzunguka bure na kupoteza nguvu zote.

Kuna watakaosema kwamba maisha ni magumu, na karo ya watoto hutangulia mpira wa gari. Nakubali ugumu huo, lakini bei ya mpira na grisi ni sehemu ndogo tu ya bei ya shafti. Sheria yetu huzuia kuingizwa nchini kwa magari yaliyozidi miaka minane. Hakuna sheria inayozuia mpira kuzeeka baada ya hapo. Hata anayenunua shafti kuukuu kule Grogan, na asitiwe mpira ule ule wa zamani.

Kwa hiyo, inama leo utazame nyuma ya magurudumu ya mbele. Ukiona grisi nyeusi imetapakaa upande wa ndani, mwone fundi. Tafuta uwanja mtupu, zungusha usukani hadi mwisho, uende polepole na redio ukiwa umeizima. Na shafti ikikatika mlimani, vuta breki ya mkono na uweke jiwe, kwani gia ya kuegeshea haitalizuia gari.

Nilirudi kwa fundi yule kichwa chini. Hakunicheka, wala hakunikumbusha maneno yake. Alinionyesha tu kile kipande cha mpira kilichopasuka, kisha akaniuliza hali ya mtoto.