Majina ya Dawa za Kuzuia Mgando wa Damu: Tatizo la Istilahi

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuyachunguza majina yanayotumiwa katika Kiswahili kuzitaja dawa ambazo kazi yake ni kuizuia damu isigande mishipani. Majina yasikikayo mara kwa mara ni matatu: dawa ya kupunguza damu, dawa ya kuyeyusha damu, na dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi. Tutajaribu kuonyesha kwamba yote matatu yanapotosha, kwamba upotovu huo waweza kumdhuru mgonjwa, na kwamba Kiswahili kina mzizi wa kutosha wa kuundia majina yaliyo bora.

2. Jinsi damu inavyoganda

Jina haliwezi kupimwa bila ya kukijua kitajwa. Mshipa ukikatwa, mambo mawili hutukia. Kwanza, chembe ndogo ziitwazo chembe sahani hukusanyika penye jeraha na kushikamana. Pili, protini kadhaa zilizomo katika damu huamshana moja baada ya nyingine, hata nyuzi za fibrini zikafumana na kulifanya donge kuwa imara. Bila ya haya, jeraha dogo lingeweza kumuua mtu. Lakini donge likifanyika ndani ya mshipa usiokatwa huweza kuuziba. Lililofanyika mguuni huweza kung'oka likaenda mapafuni. Lililofanyika moyoni huweza kufika ubongoni na kuleta kiharusi.

3. Makundi ya dawa

Kundi la kwanza huzizuia zile protini. Humu imo heparini, ambayo ugunduzi wake ulianza mwaka 1916 kwa kazi ya Jay McLean, mwanafunzi wa udaktari katika chuo kikuu cha Johns Hopkins, Marekani. Jina lake limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya ini. Humu pia imo warfarini. Katika miaka ya 1920, ng'ombe wa Kanada na wa kaskazini mwa Marekani walikufa kwa kutokwa na damu baada ya kula majani makavu yaliyoota ukungu. Karl Paul Link na wenzake huko Wisconsin walikipata kiini cha maafa hayo, na kutokana nacho ikapatikana warfarini, iliyouzwa tangu 1948 kama sumu ya panya na kuruhusiwa kuwa dawa ya binadamu mwaka 1954. Sehemu ya kwanza ya jina hilo ni herufi za mwanzo za taasisi iliyougharimia utafiti huo. Warfarini hulizuia ini lisiitumie vitamini K ipasavyo. Nayo herufi K yenyewe ilitokana na neno la Kijerumani lenye maana ya kuganda. Dawa mpya zaidi za kundi hili, kama vile rivaroksabani na apiksabani, ziliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2019.

Kundi la pili, kama vile aspirini na klopidogreli, huzizuia chembe sahani zisishikamane. John Vane alieleza mwaka 1971 jinsi aspirini inavyotenda kazi, akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili mwaka 1982.

Kundi la tatu, kama vile streptokinasi na alteplasi, huliyeyusha donge lililokwisha kuganda. Hizi hutolewa hospitalini katika saa za mwanzo za ugonjwa.

4. Makosa ya majina yaliyopo

Tuanze na kupunguza. Katika Kiswahili upungufu wa damu ni jina la maradhi. Mama aliyepoteza damu nyingi wakati wa kujifungua, kisha akapata donge mguuni, akiambiwa apewe dawa ya kupunguza damu, ataelewa nini? Huenda akaikataa. Au huenda akaimeza, kisha akala kwa wingi sukuma wiki, spinachi na mchicha, mboga zinazosifiwa kuwa huongeza damu. Mboga hizo zina vitamini K nyingi, ambayo hudhoofisha kazi ya warfarini. Hivyo dawa hupoteza nguvu ingawa mgonjwa hakuacha hata kidonge kimoja. Ushauri wa matabibu si kuziacha mboga, bali kuzila kwa kiasi kisichobadilika-badilika.

Kuyeyusha ni sahihi kwa kundi la tatu peke yake. Likitumiwa kwa warfarini, mgonjwa aweza kudhani kuwa donge likishayeyuka kazi imekwisha. Mtu aliyewekewa vali ya moyo ya kutengenezwa kwa chuma au kaboni hana donge la kuyeyushwa. Humeza warfarini maisha yake yote ili donge lisifanyike, na zile dawa mpya hazimfai.

Ama wepesi, hiyo ni tafsiri ya sisisi ya usemi wa Kiingereza. Damu haiwi nyepesi. Kinachobadilika ni muda wake wa kuganda. Kipimo kinachotumiwa kwa warfarini huwa karibu 1 kwa mtu asiyetumia dawa, na kwa wagonjwa wengi hutakiwa kiwe baina ya 2 na 3. Kikishuka, donge huweza kufanyika. Kikipanda mno, mtu huweza kutokwa na damu.

5. Pendekezo

Kitenzi ganda kinajulikana na kila mpishi: maziwa huganda, mafuta huganda, na damu huganda. Jina mgando limekwisha kuundwa. Tukifuata muundo wa kipaza sauti, kinasa sauti na kifungua kinywa, twaweza kupata kizuia mgando kwa kundi la kwanza, kizuia mshikamano kwa la pili, na kiyeyusha donge kwa la tatu. Huenda wengine wakapendelea kigandua, lakini gandua ni kukitengua kilichokwisha kuganda. Neno hilo lingeturudisha kwenye kosa la kuyeyusha.

Pengine itasemwa kuwa kizuia mgando litamtisha mgonjwa, kwani atauliza, "Je, nikijikata?" Hilo ndilo swali linalotakiwa aulize. Litamfanya amwarifu daktari wa meno kabla ya kung'olewa jino, na asijinunulie aspirini dukani kwa ajili ya kichwa, kwa kuwa aspirini ikiongezwa juu ya warfarini huzidisha hatari ya kutokwa na damu.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba jina moja linatumiwa kwa dawa za makundi matatu zisizoweza kubadilishana, na kwamba kosa la maana huweza kuwa kosa la matumizi. Kazi ya kusanifisha istilahi hizi yafaa ifanywe na wanalugha pamoja na matabibu na wauguzi, kwa sababu wauguzi ndio wanaomweleza mgonjwa kwa Kiswahili anapokabidhiwa vidonge vyake. Mapendekezo yaliyotolewa hapa yanaletwa mbele ya wasomaji ili yajadiliwe.