Bolti za Juu: Jinsi Injini Inavyotenganishwa na Giaboksi

Gharama ya kukarabati injini iliyochakaa, yaani kuchonga silinda upya na kubadilisha pistoni, ringi na beringi, mara nyingi huwafanya wenye magari waamue kununua injini iliyotumika kutoka Japani na kuiweka mahali pa ile ya zamani, na ndiyo sababu maduka ya vipuri ya Gerezani jijini Dar es Salaam, ya barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi na ya soko la Kisekka mjini Kampala huwa na injini nzima zilizopangwa chini zikisubiri mnunuzi. Kazi ya kubadilisha ikielezwa kwa maneno huonekana fupi: maji na mafuta humwagwa, radieta hutolewa, nyaya na mipira huchomolewa, bolti za mauntingi, yaani vishikizo vinavyobeba injini, hufunguliwa, kisha injini huinuliwa kwa cheni bloku, ile mashine ya mnyororo inayoning'inizwa juu ya gari. Ila kati ya kufungua mauntingi na kuinua injini kuna bolti mbili au tatu ambazo fundi hazioni, hazifikii kwa mkono mmoja, na zinaweza kumla muda mrefu kuliko kazi nyingine zote za siku hiyo.

Bolti hizo ni zile za juu zinazofunga giaboksi kwenye mgongo wa injini. Giaboksi, ambayo ni sanduku la gia linalopokea mzunguko wa injini na kuupeleka kwenye magurudumu, ina mdomo wa aluminiamu uliopanuka kama kengele, na ndani ya mdomo huo hukaa klachi pamoja na flaiwili, lile gurudumu zito lililofungwa nyuma ya injini. Bolti huzunguka ukingo wa mdomo huo wote. Zile za chini na za pembeni hufikiwa na fundi aliyelala chini ya gari, ingawa moja au mbili kati yake huwa ni bolti za stata pia, jambo ambalo limewafanya wengi watafute bolti iliyokwishatoka. Za juu, katika pikapu na magari mengine yenye injini iliyokaa kwa urefu wa gari, hujificha katika upenyo ulio kati ya injini na ukuta wa bati unaotenganisha injini na chumba cha abiria, mahali ambapo kiganja huingia kwa shida na mpini wa spana haupati nafasi ya kuzunguka hata robo ya duara.

Lawama za mafundi kwa mhandisi aliyeliunda gari hilo ni nyingi na nyingine hazichapishiki, lakini kwa sehemu kubwa zimeelekezwa pasipostahili. Kiwandani injini na giaboksi huunganishwa zikiwa nje ya gari, juu ya meza au gari la kubebea, ambapo kila bolti iko wazi mbele ya mfungaji, na baadaye ndipo vitu hivyo viwili huingizwa pamoja ndani ya bodi vikiwa kitu kimoja. Bolti ya juu, kwa hiyo, haikupangwa ifikiwe kutoka pale anapojikunja fundi wa gereji. Ilikuwa rahisi kabisa siku ilipofungwa, ikaja kufunikwa na bodi. Mwenye kulielewa hilo huacha kutafuta spana yenye umbo la ajabu na kuanza kujiuliza namna ya kuirudisha bolti mahali inapoweza kuonekana.

Njia ya kwanza ni kuiga kiwanda, yaani kutoa injini na giaboksi kwa pamoja na kuzitenganisha chini, na pale ambapo cheni bloku ina uwezo, nafasi ya mbele inaruhusu na giaboksi si nzito kupita kiasi, njia hii huokoa jasho jingi ingawa inaonekana ya mzunguko. Njia ya pili, inayotumika zaidi katika gereji zenye zana chache, ni kuinamisha. Propela shafti, ule mhimili unaotoka giaboksi kwenda ekseli ya nyuma, hutolewa. Fimbo ya gia hung'olewa. Giaboksi hutegemezwa kwa jeki, kisha kile chuma kinachokatiza chini yake na kuibeba hufunguliwa. Jeki ikishushwa polepole, mkia wa giaboksi huteremka, injini huegemea nyuma ikizunguka juu ya mauntingi zake, na juu ya giaboksi hufunguka mwanya mrefu ambao haukuwepo. Kabla ya kushusha, mipira ya hita, waya wa aksileta na nyaya zinazopita nyuma ya injini sharti ziwe zimelegezwa, na feni ichunguzwe isije ikakwaruza kava lake, kwa kuwa upande mmoja wa injini ukishuka, mwingine hupanda.

Kupitia mwanya huo huingizwa ekstensheni, yaani fimbo za chuma zinazoungwa moja kwa nyingine ili kurefusha soketi, mpaka zifikie sentimita 60 au hata mita moja. Fundi hulala karibu na mkia wa giaboksi akiwa ameshika racheti, huku spanaboi, msaidizi wake, akiingiza vidole kutoka juu, kwenye boneti, akiipapasa bolti na kuielekeza soketi ikae juu yake, kwa maana wote wawili hawaoni kitu. Soketi hufungwa kwa mkanda wa umeme kwenye ekstensheni ili isidondoke ndani ya mdomo wa giaboksi, na pande zake ziwe sita, si kumi na mbili, kwani soketi ya pembe kumi na mbili hugusa bolti karibu na ncha za pembe zake na huzifanya ziwe mviringo kwa haraka. Kipimo nacho kina siri yake: bolti ya Kijapani yenye kipenyo cha milimita 10 huwa na kichwa cha 14, na ile ya milimita 12 huwa na kichwa cha 17, ilhali bolti za Ulaya za unene huohuo huwa na vichwa vya 16 au 17 na 18 au 19, na soketi iliyozidi kwa milimita moja gizani huhisika kama imekaa sawasawa.

Baadhi ya watu huamini kwamba ekstensheni ndefu hupunguza nguvu. Ukivuta mpini wa sentimita 30 kwa nguvu inayotosha kuinua kilo 20, bolti hupata karibu nyutoni-mita 60, kipimo cha nguvu ya kuzungusha, iwe ekstensheni ni fupi au ndefu. Kinachotokea ni kwamba fimbo ndefu hujisokota kidogo kwanza, mkono ukahisi ulaini kama wa springi. Hasara huja pale mashine ya kufungulia kwa mapigo inapotumika, kwani msokoto huo humeza mapigo, na pale yunivasali, kile kiungo kinachoruhusu fimbo kupinda, kinapopindishwa kupita kiasi hadi kikang'ang'ania. Kiungo hicho hufaa kikae karibu na soketi, na pembe yake iwe ndogo.

Kosa lingine ni la mwelekeo. Bolti nyingi za juu huelekeza vichwa vyake nyuma, upande wa giaboksi, hivyo anayezifungua kutoka nyuma huzungusha kinyume na saa kama kawaida, lakini anayeinama kutoka mbele huiona kazi ile kwa nyuma, na mkono wake ukifuata mazoea hukaza anachotaka kulegeza. Bolti hukatika kwa sababu hiyo mara nyingi kuliko inavyosemwa.

Bolti iliyokwama kwa kutu ni shauri tofauti. Inakadiriwa kuwa karibu sehemu tisa kati ya kumi za nguvu ya kukazia bolti huliwa na msuguano chini ya kichwa na kwenye nyuzi, na kutu huongeza msuguano huo. Zaidi ya hapo, bolti ya feleji ikikaa ndani ya aluminiamu penye unyevu wa chumvi, kama ilivyo kwa magari ya pwani, metali hizo mbili huanza kulana kwa umeme mdogo wa kikemikali, na unga mweupe hujaza nafasi yote. Mafuta ya kulainisha kutu hupenya taratibu, kwa hiyo hupakwa tangu jana yake. Moto husaidia pia, kwa kuwa aluminiamu hutanuka karibu maradufu ya feleji, tundu likapanuka kuliko bolti, ila hakuna mwenye akili timamu atakayewasha gesi penye mpira wa dizeli unaovuja. Kuongeza bomba refu kwenye mpini liwe jambo la mwisho: kurefusha mpini mara mbili ni kuzidisha nguvu mara mbili, na kichwa cha bolti hakina taarifa ya kutoa kabla ya kung'oka.

Giaboksi ya otomatiki huleta bolti nyingine zilizofichika. Badala ya klachi ina konveta, chombo cha mviringo kilichojaa mafuta, kilichofungwa kwenye bamba la nyuma ya injini kwa bolti ndogo, na bolti hizo huonekana moja baada ya nyingine kupitia dirisha dogo la chini kadiri injini inavyozungushwa kwa spana kutoka mbele. Asiyezifungua huing'oa konveta pamoja na injini, na kwa kufanya hivyo huweza kuvunja pampu ya mafuta ya giaboksi.

Bolti zote zikitoka, injini bado haitachomoka, kwani pini mbili fupi zinazoielekeza giaboksi mahali pake huwa zimeshika, na hapo hupenyezwa bapa la chuma kwa uangalifu. Bolti zenyewe huchomekwa kwenye kipande cha katoni kilichochorwa duara la mdomo wa giaboksi, kila moja mahali ilipotoka, kwa sababu urefu wake hutofautiana. Siku ya kurudisha, zote huanzwa kwa vidole. Injini mpya ikigoma kukutana na giaboksi na ukabaki mwanya wa upana wa kidole, bolti hazipaswi kutumiwa kuivuta, hata kama nyuzi zimeshika vizuri: mwanya huo maana yake diski ya klachi haijakaa katikati au konveta haijaingia hadi mwisho, na masikio ya aluminiamu yatapasuka kabla ya bolti.