Kashata za Idi

Katika nyumba yetu hapa Issenye, wilayani Serengeti, Idi haihesabiwi kuwa imefika mpaka harufu ya sukari itoke jikoni. Imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.) ya kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akipenda kitu kitamu na asali, basi si ajabu Waislamu kuifungua siku yao njema kwa utamu. Ndugu zetu wa pwani wanazo kashata za nazi, na wanayo gubiti, ambayo ni sukari iliyopikwa ikakazana. Huku bara nazi ni ya kununua, na karanga twalima wenyewe. Kwa hiyo kashata yetu ni ya karanga.

Mama yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizipika kila mwaka usiku wa kuandama mwezi. Kazi yetu sisi watoto ilikuwa kumenya karanga na kungoja sahani. Hakuna aliyemwuliza sukari ni kiasi gani, wala sufuria huepuliwa wakati gani. Tulikuwa walaji, hatukuwa wanafunzi.

Alipofariki, Idi iliyofuata tukajitia kupika. Tukaikoroga sukari kwa nguvu, tukidhani nguvu ndiyo ufundi, ikageuka chenga kama mchanga. Tukaanza upya, tukaepua mapema, ikawa uji wa kunata. Mtoto wetu mdogo akasema, "Baba, za Bibi hazikuwa hivi." Hatukuwa na jibu. Tulimzika mama, na kumbe tulikaribia kuuzika na ufundi wake.

Aliyetuokoa ni shangazi yetu, aliyekuja kututazama siku ya tatu. Akaagiza kikombe kimoja cha karanga zilizokaangwa na kupetwa, kikombe kimoja cha sukari, robo kikombe ya maji, na kijiko kidogo cha maji ya ndimu. Sukari hukorogwa katika maji mpaka iyeyuke. Ikianza kutokota, mwiko hutolewa, kwani chembe chache zilizoganda ukingoni mwa sufuria zikirudi ndani zaweza kuigeuza sukari yote kuwa chenga. Ndimu nayo ni mlinzi: ukali wake huivunja sehemu ya sukari ikawa ya namna nyingine, isiyoganda upesi.

Kisha ni kusubiri. Dondosha tone katika bakuli la maji baridi: likifinyika, bado, likivunjika kwa mlio, tayari. Hapo moto wa sukari umefika kiasi cha nyuzi 150 za sentigredi, hali maji matupu huchemka kwa nyuzi 100. Tena sukari hii hugandamana na ngozi, haitiririki ikaondoka kama maji. Kwa hiyo watoto wadogo wasikaribie jiko, na mkubwa asiionje kwa kidole.

Ikiwa tayari, karanga humiminwa ndani, zikachanganywa haraka, zikatandazwa juu ya sinia lililopakwa mafuta. Hukatwa zingali na joto, maana zikipoa hupasuka ovyo. Zikipoa kabisa hutiwa katika kopo lenye kifuniko, hasa wakati wa masika, kwani sukari hunyonya unyevu wa hewa, na kashata iliyoachwa wazi hulegea na kunata.

Asubuhi, baada ya sala, sahani hutoka. Majirani zetu wengi si Waislamu, lakini watoto wao huijua Idi kwa sahani ile, na wazee wao hutuombea heri.

Siku hizi peremende za dukani ziko kila mahali, na mtoto huinunua kwa sarafu yake, akaila peke yake njiani. Hatuzikatazi. Lakini peremende ya dukani haimkalishi mtoto jikoni na bibi yake, wala haimfundishi subira.

Enyi vijana, wa kiume kwa wa kike, Idi ijayo msingoje sahani. Ingieni jikoni mapema, muulize kipimo, mshike mwiko mbele ya macho ya mzee wenu. Sisi tulichelewa kwa mama yetu. Mwaka huu binti yetu ndiye aliyedondosha tone katika maji baridi, nasi sote tukanyamaza kusikiliza. Likavunjika. Alhamdulillahi.