Injini ya Honda C70 Haifungwi kwa Jicho

Injini ilifika kwenye karakana yangu, hapa Tanga, ikiwa ndani ya kiroba cha mchele. Fremu ilikuwa imetangulia wiki mbili: rangi nyekundu mpya inang'aa, kiti kimeshonwa upya, madigadi zimenyooshwa. Kijana aliyeileta alirithi pikipiki hiyo kwa babu yake, Honda C70 ya miaka ya sabini, na kwa hesabu yake kazi iliyobaki ilikuwa ndogo. "Fundi, Jumamosi naweza kuja kuichukua?" Nikakimwaga kiroba juu ya meza. Skrubu ndefu na fupi zimechanganyika, mbili tatu ni za mashine nyingine kabisa, na washa zote hazipo. Kijana alitazama meza, akanyamaza. Ya Jumamosi hakuyarudia.

Kosa lake ni la wengi: alianzia mwisho. Rangi ndiyo inayoonekana, kwa hiyo watu huikimbilia. Lakini injini ikipandishwa kwenye fremu iliyokwisha kupakwa rangi, kila spana inayoteleza huacha alama, na petroli ikidondoka mara moja rangi ya bei nafuu hubabuka. Kwangu rangi huja baada ya injini kuwaka na kupoa mara kadhaa.

Kwa wasioifahamu, C70 ni ya ukoo wa Super Cub, ulioanza kuuzwa Japani mwaka 1958. Kufikia 2017 Honda ilikuwa imetengeneza zaidi ya milioni 100 za ukoo huo. Silinda ni moja tu, imelala mbele karibu sambamba na barabara, yenye kipenyo cha milimita 47 na mwendo wa pistoni wa milimita 41.4, ambavyo vinakupa sentimita za ujazo 71.8. Giya ni tatu na klachi haina mkono wa kubana. Inajishika yenyewe mwendo unapoongezeka. Ni injini nzuri ya kujifunzia kwa sababu haina siri nyingi. Hizo chache ilizonazo, hata hivyo, haimsamehe anayezipuuza.

Ya kwanza ni skrubu. Mashine za Japani za enzi hizo zilifungwa kwa skrubu za msalaba zinazofanana na zile tunazofungulia kwa bisibisi nyota ya dukani, ila si ndugu zake. Ncha ya bisibisi ya kawaida haizami hadi chini ya msalaba. Ukikaza mkono inapanda, inateleza, inakula kichwa cha skrubu. Baada ya hapo huja patasi na nyundo, halafu kifuniko cha alumini kinapasuka. Tafuta bisibisi ya kipimo cha Kijapani, au ile ya kugonga ambayo huzunguka kila unapoipiga nyundo. Na kabla ya kutoa skrubu ya kwanza, chora umbo la kifuniko kwenye kipande cha boksi, toboa matundu, kisha kila skrubu ichomeke mahali pake. Kipande cha boksi kingemwokolea kijana wangu mwezi mzima.

Upande wa kushoto kuna ile sahani nzito ya sumaku tunayoiita magneto. Inatoka kwa pula yake, iliyotengenezwa kwa nyuzi zake. Ukiigonga nyundo ili itoke, unaweza kupindisha ncha ya krenki na kudhoofisha sumaku kwa pigo moja. Upande wa kulia, nati ya klachi ina mapengo manne na inataka kifaa chenye meno manne. Kama huna, chonga kipande cha bomba; ni kazi ya saa moja. Nimeziona nati hizo zilivyotafunwa na patasi, na hutambua mara moja kwamba kuna mtu alikuwa na haraka.

Sasa tufike penyewe, kwenye kupima. Fundi wa jicho huingiza kidole kwenye silinda, akisikia laini anasema nzima. Silinda haiishi hivyo. Huliwa zaidi juu, pale ringi ya kwanza inapogeuka, na huliwa zaidi pande mbili ambazo pistoni huegemea. Matokeo yake ni tundu lenye umbo la yai ambalo kidole hakiwezi kulitambua. Pima kwa kina cha aina tatu, na kila kina kwa pande mbili zinazokatana. Kisha sukuma ringi ndani ya silinda kwa kutumia pistoni ili ikae sawa, uingize fila geji kwenye mwanya wa ncha zake. Ringi mpya inapaswa kuacha kati ya milimita 0.1 na 0.3. Ukikuta 0.5 au zaidi, moshi wa buluu umeshajulikana unakotoka.

Silinda ikihitaji kupanuliwa, nunua pistoni kwanza. Pistoni huuzwa kwa nyongeza za milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00, na mchongaji anatakiwa kuipima hiyo hiyo itakayofungwa, kisha alipanue tundu kuifuata. Wengi hupeleka silinda kuchongwa na baadaye wakaenda dukani kutafuta pistoni ya kuijaza. Hapo nafasi ya kukimbilia pistoni inabaki ya kubahatisha: ikiwa finyu itang'ang'ania ikipata joto, ikiwa pana itapiga kelele.

Konrodi nayo ishike kwa vidole. Kucheza kidogo upande kwa upande ni haki yake. Kucheza juu na chini, hata kwa kiasi cha kuhisi tu, ni ugonjwa. Krenki iende kwenye presi kabla hujafikiria kufunga.

Wakati wa kufunga, nina ugomvi wa siku nyingi na gundi ya silikoni. Ukiibandika nyingi, inayobaki ndani hukatika vipande, vikaenda hadi kwenye chujio la oil au kwenye njia nyembamba inayopeleka oil juu kwenye hedi. Hedi ya C70 ikikosa oil, kamshafti inaliwa kimya kimya. Gasketi ya karatasi, sehemu zikiwa safi na zimenyooka, inatosha.

Taiming ya cheni ya kamshafti ni alama mbili tu. Herufi T kwenye magneto ilingane na alama ya bloku, na duara dogo kwenye spoketi ya kamshafti lilingane na pengo la hedi. Kaza nati za hedi kwa kukatisha, hatua kwa hatua, mpaka kama nyutonimita 10. Halafu zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ikikwama, usilazimishe, rudi nyuma utafute. Ndipo uweke nafasi ya valvu, milimita 0.05, injini ikiwa baridi. Karatasi ya daftari ina unene wa karibu mara mbili ya hiyo, kwa hiyo usiniambie unaiweka kwa jicho.

Kuna njia ya mkato ambayo kijana alipendekezewa mtaani: kutupa injini ya babu na kuweka ya Kichina ya sentimita za ujazo 110. Inaingia kweli, kwa kuwa iliigwa kutoka umbo hilohilo la Honda. Siipingi kwa anayetafuta usafiri tu. Lakini kadi ya pikipiki imeandikwa namba ya injini, na ukiibadilisha una safari ya ofisini kurekebisha. Juu ya hayo, pikipiki yenye moyo mpya kabisa siiti iliyofufuliwa.

Ya kijana iliwaka kwa kiki ya nne, baada ya wiki saba. Niliimwaga oil ya kwanza mapema, nikakuta vumbi la chuma kama unga wa fedha. Ndivyo ringi mpya zinavyozoeana na silinda. Madigadi ya mbele imechubuka mahali pawili wakati wa kupandisha injini, na itabidi ipakwe tena.

Kama unayo ya babu yako na bado haijafunguliwa, usiiguse. Niletee ilivyo, na vumbi lake.